Slaidi Kumi na Moja

Bweni la Wanafunzi, Hospitali
3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Ulisema masikio yako yameharibiwa na injini za malori na kwenye simu husikii ila mlio wa nyuki, basi nitaandika, na wewe ujibu hata kama mwandiko wako unahitaji mkalimani.

Maabara ni vyumba vitatu. Cha kwanza tunatoa damu, cha pili kina mashine, cha tatu, mwisho wa korido, ni cha makohozi. Madirisha yake hayafungwi hata mvua ikinyesha, ili hewa ipite. Huko ndiko nilikopangiwa miezi sita yote ya mafunzo kwa vitendo, na nimepangiwa kufanya kazi chini ya rafiki yako. Hapa wote wanamwita Mzee Lenzi. Nilipojitambulisha alicheka akanishika mikono yote miwili: "Wewe ndiye uliyekuwa ukimsumbua mama yako tumboni?" Nikamwita Baba Mkubwa kama ulivyoniagiza, akafurahi mno.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu anayekohoa analeta makohozi kwenye kikopo. Tunayapaka kwenye kioo, tunayakausha, tunayatia rangi nyekundu, kisha tunayaosha na kuyatia bluu. Vijidudu vya kifua kikuu vina ubishi, haviachii nyekundu. Kwa hiyo ukiweka slaidi kwenye darubini unatafuta vijiti vyekundu kwenye uwanja wa bluu. Lazima upitie nyanja mia, yaani sehemu mia za kioo hicho, kabla ya kuandika "hakuna". Shingo inauma, Baba, lakini siku ya kwanza kuviona nilipiga kelele hadi Bi Mkuu, mkuu wetu wa maabara, akaja mbio akidhani nimevunja kitu.

Bi Mkuu ni mkali. Anatembea bila kusikika. Ndiye atakayeandika ripoti yangu ya mwisho, ila kitabu cha mafunzo anakisaini Mzee Lenzi kila wiki.

Mwanao,
Kiroboto


Nyumbani
12 Machi

Kiroboto wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwasomea majirani, ingawa palipotajwa makohozi jirani yetu mshonaji aliinuka akaenda zake.

Sasa nisikilize. Kaa karibu na yule mzee. Usiwe mtu wa kusubiri utumwe. Akitaka umsomee rejista, msomee. Akitaka uangalie kwanza kabla yake, angalia. Watu wa umri wetu hatupendi kuomba, kwa hiyo usimngoje aombe. Na ya kazini yabaki kazini. Huyo Bi Mkuu mheshimu, lakini usimzoee.

Mimi sijambo. Mgongo tu.

Baba yako


28 Machi

Baba,

Shikamoo. Nina jambo na sijui nilishikie wapi.

Mzee Lenzi ni mwalimu wa ajabu. Ananiweka kwenye darubini kwanza, ananiuliza, "Umeona nini?" Nikimjibu, anakaa yeye, anazungusha kidogo, anasema, "Ndivyo." Anataka nimsomee majina yote kwa sauti, anasema masikio yanakumbuka kuliko macho. Nilidhani ndivyo anavyofundisha.

Lakini kuna siku mbili kwa wiki natoa damu chumba cha kwanza, na siku hizo anasoma slaidi peke yake. Jumatatu iliyopita nilikuwa na nafasi, nikafungua sanduku la slaidi za zamani nifanye mazoezi. Nikachukua moja ya tarehe 11. Kwenye rejista imeandikwa "hakuna", kwa mkono wake.

Baba, vipo. Si kimoja cha kukitilia shaka. Kila nikisogeza uwanja, vipo. Nikaisafisha, nikatia tone jipya la mafuta, nikabadilisha darubini. Vipo.

Nilitafuta jina. Ni mama mmoja mpishi wa shule ya msingi. Siku alipokuja alikohoa hadi akaomba kiti. Tulimwambia hana kitu, akashukuru, akarudi jikoni kwake kupikia watoto mia tatu.

Labda mimi ndiye ninayekosea. Niambie nifanyeje.

Kiroboto


5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Punguza moto.

Wewe una mwezi mmoja kwenye kile chumba, yeye ana miaka thelathini na moja. Rangi zina uchafu wake, umeniambia mwenyewe kwamba zinaacha madoa. Mwanafunzi anayevumbua makosa ya mwalimu wake mwezi wa kwanza ataonekana ana kichwa kikubwa, hata akiwa sahihi.

Mwendee peke yake. Funga mlango. Muulize kwa adabu, kama anayetaka kujifunza. Kwa Bi Mkuu usiende. Nasema tena, usiende. Ukishapeleka neno pale, halirudi.

Baba yako


16 Aprili

Baba,

Nilimwendea kama ulivyosema. Alichukua slaidi, akaitazama dirishani kama mtu anayekagua glasi, akasema, "Mabaki ya rangi. Uoshe vizuri." Akaniambia habari ya chai.

Nikarudi kwenye sanduku. Nikapata nyingine mbili.

Basi nilifanya jambo baya. Nina slaidi ya chuoni, ile tunayoonyeshwa siku ya kwanza darasani, imejaa vijiti kama nywele kwenye sakafu ya kinyozi. Niliiwekea namba ya mgonjwa, nikaipenyeza kati ya za siku ile. Alikaa nayo. Alizungusha, alisogeza, alihema. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika rejista.

"Safi," alisema. "Andika hakuna."

"Baba Mkubwa, hiyo ni slaidi ya chuo."

Hakuondoa jicho kwenye lenzi. Alikaa hivyo hivyo, kama anayeendelea kutafuta. Kisha akasema, "Funga mlango."

Ni presha ya macho. La kulia limekwisha. La kushoto anasema ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo, na nyekundu imekuwa kijivu. Tangu mwaka juzi. Kila robo mwaka slaidi chache hupelekwa kuhakikiwa makao makuu, na anayezichagua ni yeye, anachagua zile zisizo na utata. Anastaafu mwisho wa Agosti. "Niondoke kwa miguu yangu," aliniambia. "Wasinitoe wakinishika mkono." Na akalia, Baba. Sijawahi kuona mtu wa rika lako akilia.

Tumekubaliana. Kuanzia sasa slaidi zote nasoma mimi, hata siku za kutoa damu nitarudi mchana nizisome. Yeye anasaini. Na wale watatu atawaita waje upya, ataandika kwamba makohozi hayakutosha. Ameniapia.

Najua si halali. Lakini kama zinasomwa vizuri na wale watatu wanarudi, nani anaumia? Nijibu hilo, maana mimi nimejijibu mara nyingi na sipati usingizi.

Kiroboto


18 Aprili

Ndugu yangu,

Samahani kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea. Zikiwa ndogo zinanikimbia.

Binti ameshajua. Hakuambiwa na mtu, amenikamata mwenyewe kwa mtego, na mtego wenyewe ulikuwa mzuri kiasi kwamba nusura nimsifu. Ana jicho, huyu. Ana jicho kuliko nilivyokuwa mimi.

Nilikuambia tangu mwanzo tumweleze, ukasema tusimtwike mapema. Haya, sasa ametwikwa. Hajui kwamba wewe ulijua. Sikumwambia, hilo nakuachia.

Kuna jambo moja limenikaa hapa kifuani. Nimemwahidi nitawaita wagonjwa watatu. Lakini kumwita mgonjwa ni fomu, na fomu inapita mezani kwa Bi Mkuu, naye atauliza kwa nini watatu, kwa nini wote wangu. Nimeijaza fomu mara mbili na mara mbili nimeiweka mfukoni. Nangoja siku ambayo yeye hayupo.

Niandikie neno. Nina mtu wa kunisomea.

Rafiki yako


27 Aprili

Ndugu yangu,

Barua yako imenitoa jasho. Nilipokubali umwombe chuoni kwa jina, nikamleta kwako akuazime macho, nilidhani nalipa fadhila. Sikujua kulikuwa na watu waliokwisha kuambiwa wako wazima wakati si wazima. Hukuniambia hilo. Uliniambia unachoka tu jioni.

Waite hao watatu. Leo, si kesho. Yule mpishi kwanza. Bi Mkuu akiuliza, aulize. Mimi na wewe tumeshakuwa watu wazima, hatuwezi kujificha nyuma ya msichana.

Na ukishawaita, nitamwandikia binti yangu mwenyewe nimweleze kwamba nilijua. Usimwambie wewe. Akilisikia kwa mtu mwingine sitamwona tena.

Mimi


6 Mei

Baba,

Jumanne asubuhi walimleta mpishi wa shule kwa machela. Shuka lilikuwa jekundu kifuani. Binti yake alikuwa anakimbia pembeni na viatu mkononi, akimwambia kila muuguzi, "Walisema hana kitu, nina cheti, walisema hana kitu." Alikuwa nacho kweli, amekikunja kwenye mfuko wa plastiki. Nilikiona. Saini ya Mzee Lenzi, na juu yake tarehe niliyoiandika mimi kwa mwandiko wangu.

Nilikimbia hadi chumba cha mwisho. "Ulimwita?" Nikarudia, "Baba Mkubwa, ulimwita?" Akatoa fomu mfukoni. Zilikuwa tatu, zimekunjwa hadi zimelainika kama kitambaa.

Naye, kwa kutafuta la kufanya, akachukua bahasha iliyokuja na posta ya asubuhi, akasema, "Nisomee hii kwanza, mwandiko wa huyu siuwezi." Sidhani alijua imetoka kwa nani. Nilifungua. Nikaanza kusoma kwa sauti: *Barua yako imenitoa jasho.* Nikautambua mwandiko wako kabla ya kufika mwisho wa mstari, lakini mdomo ukaendelea. *Nikamleta kwako akuazime macho.*

Nilisoma yote, Baba. Hadi pale uliposema hutaniona tena.

Kumbe sikupangiwa. Nilipelekwa. Nilikuuliza nifanyeje ukanijibu ni uchafu wa rangi, huku unajua. Wiki tano! Katika wiki hizo tano yule mama alikuwa amesimama juu ya masufuria. Daktari wa wodi amesema kuna wanafunzi wawili wa shule ile wanaokohoa.

Kesho saa mbili nakwenda kwa Bi Mkuu. Nitamwambia kuhusu macho yake, na slaidi, na kwamba tangu Aprili nimesoma mimi na akasaini yeye. Najua litakalonipata. Usiniandikie kunizuia, barua haitafika kwa wakati.


13 Mei

Mwanangu,

Sikuandikii kukuzuia. Utakuwa umeshakwenda, na ulifanya vyema kwenda. Naandika kwa sababu sikukueleza, na ulistahili kuelezwa.

Mwaka ule ulipokuwa tumboni mwa mama yako nilikuwa na kilo arobaini na sita. Nilikuwa naendesha lori nimejifunga blanketi. Nilipima hospitali mbili, zote zikasema hakuna. Matajiri wa lori wakasema nimelogwa au nimelewa, wakachukua funguo. Nilifika pale kwenye chumba chako cha mwisho wa korido nikiwa nimekata tamaa. Kulikuwa na kijana mmoja mwembamba. Akasoma nyanja zake mia, hakuna. Akanitazama usoni. Akarudi kwenye darubini, akasoma mia nyingine, hakuna. Ukafika muda wa kufunga, mwenzake akamwambia twende. Akasoma mia ya tatu. Akavikuta vijiti viwili. Viwili tu, Kiroboto. Ndivyo ulivyozaliwa ukanikuta.

Kwa hiyo aliponiambia macho yanachoka na anataka miezi sita tu, sikumuuliza swali. Uliponiandikia kuhusu mpishi, nilijua wewe ndiye uliye sahihi. Nilijua palepale. Na bado nikachukua kalamu nikaandika neno uchafu. Sina la kujitetea. Nilimfikiria mmoja aliyeniponya nikasahau kwamba aliniponya kwa kukataa kuandika "hakuna" kabla ya wakati.

Kama kuna la kufanya kwa miguu, si kwa maneno, nipe. Bado naweza kusafiri.

Baba yako


9 Juni

Baba,

Nimechelewa kujibu kwa sababu tulikuwa tunasoma.

Siku ile nilimkuta Bi Mkuu anafungua mlango. Nilisimama, sikukaa, nikasema yote bila kupumua. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja: "Slaidi ziko wapi?" Tukaenda. Mzee Lenzi alikuwa ameshafika, amevaa koti jeupe, amekaa kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti. Bi Mkuu akaweka slaidi ya mpishi kwenye darubini, akaangalia muda mrefu. Kisha akamwambia, "Mzee wangu, njoo uniambie unaona nini."

Hakuinuka. Akasema, "Sioni kitu, mama. Huu mwaka wa pili sioni kitu. Lakini kama binti amesema vipo, vipo."

Bi Mkuu akaketi kwenye sakafu. Pale pale, na sketi yake ya kazi. Amefundishwa na yeye, Baba. Wote pale wamefundishwa na yeye.

Sanduku lina slaidi za miezi mitano, mia sita na arobaini na mbili. Tulizisoma upya sisi wawili, kila moja mara mbili, bila kuambiana jibu. Zilizokosewa ni kumi na moja. Za kabla ya hapo zilishatupwa, na hizo hatutazijua kamwe. Bi Mkuu alilisema hilo kwa sauti, mbele ya mganga mkuu, wala hakupunguza neno.

Mpishi yu hai. Yuko kwenye dawa, ameanza kula. Nilimwendea kitandani nikamwambia kwamba nilijua wiki tano na nikanyamaza. Alinitazama, akageukia ukutani. Binti yake aliniomba nitoke. Sikustahili zaidi ya hapo. Wanafunzi wawili walipimwa, mmoja anao, ameanza dawa.

Kati ya wale kumi na mmoja, tisa wamepatikana. Mmoja tulimkuta amezikwa tangu Aprili. Baba wa watoto wanne.

Mzee Lenzi ameondolewa kazini. Alitoka mwenyewe, kwa kugusa ukuta wa korido, hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Mimi mafunzo yamefutwa. Nitayaanza upya Septemba, hospitali nyingine, na kwenye faili langu imeandikwa kwa nini. Bi Mkuu ndiye aliyeandika. Chini yake ameandika pia kwamba nisipewe nafasi nyingine ya kusoma slaidi bila mtu wa pili, wala mtu mwingine yeyote asipewe, na amebadilisha utaratibu wa maabara nzima.

Mimi na wewe tuna mengi na siyawezi leo. Lakini uliomba kazi ya miguu. Wa kumi na moja hajapatikana. Ni mwanamume wa miaka ishirini na minane, alihama Machi. Mwenye nyumba anasema alikuwa anataja kazi ya mbao upande wa kaskazini, kwenye viwanda vya kupasua magogo. Muuguzi wa ufuatiliaji ana baiskeli tu. Wewe umeendesha njia zile miaka ishirini. Jina na umri nimeviandika kwenye karatasi ya ndani, na Bi Mkuu ameridhia, barua yake ya kukutambulisha hii hapa.

Binti yako


30 Julai

Mwanangu,

Nimempata.

Nilipita viwanda sita. Madereva wa siku zangu wengi wamekufa au wamenenepa, lakini walionipa lifti hawakuniuliza mengi. Cha kwanza hadi cha tano hawamjui. Cha sita mlinzi akasema, "Yule anayekohoa? Yuko nyuma."

Nilimkuta anapanga mbao. Amekonda, amevaa mashati mawili, moja juu ya jingine, kwenye jua kali. Nilipomtaja jina akaweka mkono kiunoni.

"Nani anakutuma?"

"Hospitali. Kile kipimo chako cha Februari kilisomwa vibaya. Unaumwa, na dawa ipo."

"Nilipewa karatasi. Iliandikwa sina."

"Ilikosewa."

"Nani aliikosea?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga nitakavyojibu. Nilikuwa na maneno mazuri kuhusu mitambo na uchovu wa watu. Yote yakaniponyoka. Nikamwambia, "Aliyeisoma ni rafiki yangu, haoni. Mimi nilijua haoni, nikanyamaza. Mwanangu akaniuliza nikamdanganya."

Alinitazama hadi nikadhani atanipiga, na sikuinua mkono kujikinga. Nyuma yetu msumeno ulikuwa unanguruma, labda hata hakusikia yote. Kisha akainama, akashika ubao upande mmoja.

"Shika huko," akasema. "Zimebaki nane. Nikiondoka bila kuzimaliza watanifukuza."

Nikashika. Mgongo wangu unaujua. Tulipanga zote nane, yeye akisimama kukohoa, mimi nikisimama kwa ajili ya mgongo, hakuna aliyemsema mwenzake. Halafu akafunga mlango wa chumba chake kwa waya, tukaenda kituo cha afya kilicho karibu. Nilikaa naye kwenye foleni. Walikuwa wawili mle maabara, msichana na mtu mzima. Niliwauliza kupitia dirishani kama wanasoma wote wawili. Msichana akakasirika kidogo, akasema, "Baba, kaa ukutani, tunasoma wote."

Anavyo, vingi. Ameanza dawa Alhamisi. Nimebaki huku hadi amalize wiki mbili za mwanzo, maana peke yake ataacha, nimemwona. Asubuhi namfikisha dirisha la dawa, nasubiri ameze. Anakasirika kila siku, na kila siku anameza.

Baba yako